Kijana wa Unguja na Wazee wa Piano

*Alizaliwa Unguja, akapiga rock and roll akiwa mwanafunzi wa bweni, akafa na siri yake ikiwa na umri wa siku moja tu hadharani. Zaidi ya miaka 30 baadaye bado hachuji. Mhariri wetu alimgundua mahali ambapo hakutegemea: kwenye boksi la sabuni, Kitendaguro.*

Kama ulikuwa Bukoba Jumamosi ile ya tarehe 10 Septemba 2016, huna haja ya kusimuliwa. Alasiri, watu wengine wakiwa ndiyo kwanza wanamaliza kula, ardhi ikatikisika. Tetemeko lile liliua watu na kuacha maelfu ya nyumba za Kagera zikiwa na nyufa au zimelala chini kabisa.

Mimi nilikuwa Dar. Nilipiga simu nyumbani mpaka betri ikaisha. Wiki iliyofuata nikapanda basi na mchumba wangu, safari ndefu kama unavyoijua, tukafika kwa kina mama yangu, Kitendaguro. Nyumba ya Bibi ilikuwa imesimama, lakini ukuta wa chumba cha nyuma ulikuwa na ufa unaopitisha mkono. Kazi yetu ikawa moja tu: kutoa vitu nje kabla ukuta haujaanguka.

Vitanda vikatoka, magunia ya maharage yakatoka, picha za harusi zikatoka. Mwisho kabisa, nyuma ya kabati, kulikuwa na boksi la sabuni lililofungwa kwa kamba ya katani. Ndani yake kaseti kama ishirini hivi, zimejaa vumbi.

"Hizo ni za mjomba wako," Bibi akasema, halafu akaingia jikoni.

Nieleze kidogo hapo. Mjomba huyu alifariki mwaka 1993, mimi nikiwa na miaka mitano. Nyumbani kwetu jina lake lilitajwa kwenye misa ya kumwombea na kwenye kugawana vitu, basi. Ukiuliza alikufa kwa nini, unaambiwa "aliugua". Aliugua nini? "Aliugua tu, mtoto, nenda kacheze." Mimi nilibaki na kumbukumbu moja tu: mtu mwembamba amelala kitandani, vidole vya mkono wake wa kushoto vinagonga blanketi, vinarudia rudia. Nilidhani ananichezea mimi.

Kaseti moja ilikuwa na mwandiko wake. Upande wa kwanza ameandika: *Queen*. Upande wa pili: *Wazee wa piano*.

Pikapu ya jirani aliyekuja kutusaidia kubeba mizigo ilikuwa ya zamani, bado ina redio kaseti. Mchumba wangu, ambaye hajawahi kuona kitu chenye waya au kitufe akakiacha kipite, akaisukuma kaseti ndani. Kwanza mkwaruzo. Halafu piano.

Huyu jamaa ni nani hasa?

Wengi wetu tunamjua Freddie Mercury kwa ile picha ya masharubu, fulana nyeupe na ngumi hewani. Wapo wanaojua pia kwamba ni mzaliwa wa Unguja. Ila ukimuuliza mtu alianzaje, wengi wanaishia hapo.

Jina lake la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara. Alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, katika familia ya Waparsi wenye asili ya Gujarat, India. Baba yake alikuwa mtunza fedha wa Mahakama Kuu wakati Zanzibar ikiwa chini ya Waingereza. Akiwa na miaka kama minane hivi akapelekwa shule ya bweni huko Panchgani, India. Mtoto wa miaka minane, baharini, mbali na mama. Wewe uliyewahi kubeba tranka la chuma kwenda bweni ukiwa mdogo unaijua hali hiyo.

Kule shuleni ndiko alikojifunza piano vizuri, na ndiko walikoanza kumwita Freddie. Mwaka 1958, akiwa na miaka 12, yeye na wenzake wanne wakaunda bendi iliyoitwa The Hectics. Sasa sikiliza hapa: mwimbaji mkuu hakuwa yeye. Yeye alikuwa kwenye piano. Walioishi naye pale wanasimulia kwamba alikuwa akisikia wimbo redioni, kisha anakwenda kwenye piano na kuupiga. Nyimbo zenyewe zilikuwa rock and roll ya miaka ile, ikiwemo ya Little Richard.

Kwa hiyo kabla ya mataji, kanzu za kifalme na viwanja kujaa, kulikuwa na kijana mmoja wa Unguja anayegonga piano ya shule ili wenzake wacheze.

Alirudi Zanzibar mwaka 1963. Januari 1964 Mapinduzi yakatokea, na mwaka huohuo familia ikahamia Uingereza. Alikuwa na miaka 17. Akasoma sanaa za michoro London, na mwaka 1970 Queen ikazaliwa. Mengine ni historia.

Hao "wazee" ni kina nani?

Tulipogeuza kaseti upande wa pili, mambo yakabadilika. Hapo mjomba alikuwa amerekodi Fats Domino, Little Richard na Jerry Lee Lewis. Kwa ambao hawajawahi kuwasikia, hawa watatu ndio walioipa piano nafasi yake kwenye rock and roll, kabla gitaa halijachukua kila kitu.

Fats Domino wa New Orleans alirekodi *The Fat Man* Desemba 1949, na wapo wengi wanaoihesabu kati ya nyimbo za kwanza kabisa za rock and roll. Little Richard alirekodi *Tutti Frutti* mwaka 1955, mjini humohumo. Jerry Lee Lewis akafuata na *Great Balls of Fire* mwaka 1957. Wote watatu waliingizwa kwenye kundi la kwanza la Rock and Roll Hall of Fame mwaka 1986. Wote sasa wametangulia: Fats Domino mwaka 2017, Little Richard 2020, Jerry Lee Lewis 2022.

Siri yao ni nini? Kwanza ni mkono wa kushoto. Unarudia mdundo uleule kule chini, bila kuchoka, kama watu wawili wanaopokezana mchi kwenye kinu. Mkono wa kulia ndio unaofanya vituko: unapiga kelele, unachombeza, unakimbia, unarudi. Mguu wako unafuata mkono wa kushoto kabla kichwa hakijaamua kama umeupenda wimbo au la.

Pili ni mwili. Mpiga gitaa anaweza kutembea jukwaani. Mpiga piano ana tatizo: chombo chake ni kama kabati, hakibebeki, na yeye amekaa. Hawa jamaa hawakukubali. Little Richard alipiga amesimama. Jerry Lee Lewis aliipiga teke stuli yake na kuendelea. Fats Domino, mtu wa kiwiliwili kipana na aibu nyingi, aliisukuma piano kwa tumbo mpaka ukingo wa jukwaa huku akitabasamu.

Na huyo Fats, wasomaji wetu wa safu ya ndoa mtampenda. Alimuoa Rosemary mwaka 1947, wakapata watoto wanane, na ndoa ikadumu mpaka mke alipofariki mwaka 2008. Pamoja na mamilioni ya rekodi aliyouza, aliendelea kuishi kwenye mtaa wake wa kawaida. Mwaka 2005 kimbunga Katrina kilipokuja hakuondoka, kwa sababu mkewe alikuwa mgonjwa. Wakaokolewa kwa boti.

Mtoto wa Unguja aliyachukua yote hayo. Angalia onyesho la Live Aid, Wembley, tarehe 13 Julai 1985. Mbele yake kuna watu 72,000. Anaingia mbiombio, anakaa kwenye piano, anapiga mwanzo wa *Bohemian Rhapsody*, halafu anasimama na kuiacha, kama Little Richard angeweza kuikunja piano na kuiweka mfukoni. Mwaka uliofuata, Wembley hiyohiyo, Queen wakaweka katikati ya onyesho kipande cha nyimbo za zamani za rock and roll, na *Tutti Frutti* ikiwemo. Alikuwa anakaribia miaka 40, tajiri, maarufu dunia nzima, anapiga wimbo wa enzi zake za bweni.

Kwa nini hachuji?

Nimewauliza rafiki zangu swali hili mezani, tukiwa na mishikaki. Majibu ni mengi. Wengine wanasema sauti. Wengine wanasema filamu ya *Bohemian Rhapsody* ya mwaka 2018, iliyompa Rami Malek tuzo ya Oscar mwaka uliofuata na kumleta Freddie kwa watu waliozaliwa baada ya yeye kufa. Mwaka 2019 makumbusho yake yakafunguliwa Mji Mkongwe. Septemba 2023 piano aliyokuwa akitungia nyumbani ikauzwa kwenye mnada London kwa zaidi ya pauni milioni 1.7. Watu hawatoi hela hiyo kwa mbao na nyaya.

Jibu langu mimi nililipata kwenye pikapu ile. Muziki wa aina hii unakualika. Mtu anayepiga anaonekana anafurahi, na anaonekana anataka na wewe ufurahi, hata kama hujui Kiingereza, hata kama umetoka kubeba magunia kutoka kwenye nyumba yenye ufa. Mchumba wangu alikuwa anagonga usukani. Jirani aliyekuwa anafunga mizigo nyuma alikuwa anatikisa kichwa. Na mlangoni kwa jiko, Bibi alikuwa amesimama na mwiko mkononi.

"Mkono huo," akasema. "Ndivyo alivyokuwa anakipiga kinanda cha kanisa."

Jamani! Mimi nina miaka 28 wakati huo, sijawahi kusikia kwamba mjomba wangu alikuwa mpiga kinanda.

Tulichokuwa hatukisemi

Bibi akakaa kwenye gunia. Akatusimulia kwamba mjomba alijifunza kinanda akiwa kijana, kwaya ya kanisani. Mazoezi yakiisha, mwalimu wa kwaya akishatoka, yeye anabaki anakigeuza kinanda kuwa ngoma, wenzake wanacheza katikati ya mabenchi. Siku moja mwalimu akarudi kuchukua miwani yake. Ukawa ndio mwisho wa mjomba kwenye kwaya. Baadaye akaenda Dar kutafuta maisha, akarudi likizo na kaseti, akarudi mara ya mwisho mwaka 1992 akiwa amekonda.

Halafu Bibi akasema neno ambalo katika nyumba ile lilikuwa halijawahi kutamkwa. "Alikuwa na UKIMWI, mjukuu wangu. Tulijua. Kila mtu alijua."

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waliogunduliwa Tanzania walitoka mkoa huu, Kagera, mwaka 1983. Mwanzoni watu waliuita Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikiletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Familia zilizika, zikazika tena, nyumba zikabaki na mabibi na wajukuu. Ukiwa na mgonjwa ndani, ulifunga mdomo na kupika uji.

Freddie naye alifunga mdomo. Magazeti ya London yalimvizia getini kwa miaka, yeye akakaa kimya. Tarehe 23 Novemba 1991 akatoa tamko kwamba ana UKIMWI. Kesho yake akafariki. Alikuwa na miaka 45.

Maisha yake ya mapenzi yamesemwa sana, na najua wapo watakaokunja uso. Mwaka 2006 sherehe iliyopangwa Unguja kwa kutimia miaka 60 tangu azaliwe ilifutwa baada ya kundi la kidini kupinga. Mimi nitasema tu kile kinachonigusa kama mtu anayehariri kurasa za mahusiano. Aliishi na Mary Austin miaka kadhaa, na wimbo *Love of My Life* wa mwaka 1975 unahusishwa na yeye. Mwaka uliofuata akamwambia ukweli kuhusu nafsi yake. Uchumba ukafa. Urafiki haukufa, na alipofariki alimwachia Mary nyumba yake. Jim Hutton, mwenzi wake wa miaka ya mwisho, alimuuguza mpaka siku ile ya mwisho. Kwa hiyo mtu huyu aliyeficha ugonjwa wake kwa dunia nzima, ndani ya nyumba yake walikuwepo watu waliojua. Hakufa peke yake na siri.

Mjomba wangu ndiye aliyekufa peke yake na siri, ndani ya nyumba iliyojaa watu wanaompenda. Hilo ndilo lililomliza Bibi. "Nilimwogesha kila siku," akasema, "na sikumuuliza hata siku moja kama anaogopa."

Nilikumbuka vile vidole kwenye blanketi. Kumbe alikuwa hanichezei mimi. Alikuwa anapiga mkono wa kushoto.

Usiku ule

Nitakuwa mkweli kwako, msomaji. Mimi na mchumba wangu tulikuwa tumeshapanga tarehe ya harusi, kamati ilishakaa vikao viwili, kadi za mchango zimeshaanza kusambazwa. Kupima? Tulikuwa "tutapima". Kila mwezi tutapima. Yeye anasema wiki ijayo, mimi nafurahi kimoyomoyo kwamba ni wiki ijayo. Nilikuwa ndiye mhariri ninayewaandikia ninyi kwamba mkapime kabla ya ndoa. Aibu gani hiyo?

Usiku ule tumelala vyumba tofauti, kama heshima ya ukweni inavyotaka, akanitumia meseji: "Umelala?" Nikamjibu sijalala. Tukatoka nje, tukakaa kwenye pikapu. Hatukuwasha muziki. Akaniuliza, "Unaogopa nini?" Nikamwambia. Na mimi nikamuuliza yeye. Tukaongea mpaka jogoo wakaanza.

Jumatatu tukaenda kituo cha afya mjini, tukakaa kwenye benchi pamoja na watu wengine, namba yetu ikaitwa. Majibu ni yetu wawili, na kusema kweli siyo habari ya makala hii. Ninachoweza kukuambia ni kwamba zama za mjomba zimepita. Dawa mseto zenye nguvu zilianza kutumika duniani mwaka 1996, miaka mitatu baada yake na mitano baada ya Freddie. Kwetu Tanzania mpango wa kutoa ARV bure ulianza mwaka 2004. Leo mtu anayetumia dawa vizuri mpaka virusi havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Mnaweza kuoana, mkazaa, mkazeeka. Kilichobaki kutushinda ni kuulizana.

Tulifunga ndoa mwaka 2017. Ukumbini, DJ alikuwa na maagizo maalum: baada ya keki, kabla ya bongo fleva, wimbo mmoja wa Fats Domino. Wajomba waliobaki walisimama wote. Bibi, mwenye utani wake wa kumwita bwana harusi "mume wangu", alimvuta mkono wakacheza mpaka watu wakawamwagia noti.

Jioni yenu wawili

Ukitaka kuanza, hii ndiyo njia yetu. Nyimbo nne, simu zikiwa kimya:

*Blueberry Hill*, Fats Domino, 1956. Ni ya polepole. Sikilizeni mkono wa kushoto tu, mmoja ampigie mwenzake mgongoni kwa vidole.

*Tutti Frutti*, Little Richard, 1955. Dakika mbili na nusu hivi. Sogezeni meza.

*Don't Stop Me Now*, Queen, 1978. Inaanza taratibu kwenye piano halafu inawakimbiza. Msijali majirani.

*Love of My Life*, Queen, 1975. Kaeni chini. Ikiisha, msiweke nyingine mara moja. Kama kuna jambo mlikuwa mnaliahirisha kwa wiki ijayo, hapo ndipo pake.

Kaseti ya mjomba bado ninayo. Siku ile ile ya pikapu redio iliitafuna, Bibi akapiga yowe, "Waitu!" Mume wangu akaitoa taratibu, akachomeka kalamu ya Bic kwenye tundu, akaanza kuizungusha kurudisha utepe ndani. Ilimchukua nusu saa. Bibi alikaa pembeni yake muda wote akisubiri, kisha akasema, "Haya, rudisha mwanzo."